Uzi wa Chini: Gambusi, Udi na Besi katika Taarabu ya Tanga

Katika maandiko mengi juu ya taarabu ya Afrika Mashariki, Tanga hutajwa baada ya Unguja na Mombasa, na aghalabu hutajwa kwa jambo moja tu: kwamba vikundi vyake vya miaka ya 1960 viliweka udi kando vikashika gita la umeme. Wako waliolisema jambo hili kwa sifa, na wako waliolisema kwa masikitiko. Walakini pande zote mbili zinakubaliana katika wazo moja, nalo ni kwamba hapo ndipo taarabu ya Tanga ilipojitenga na asili yake. Kusudi la makala haya ni kuonyesha kwamba wazo hilo halikuchunguzwa vya kutosha. Kilichoachwa Tanga ni umbo la ala. Kazi ya uzi wake wa chini haikuachwa kamwe, bali ilitwaliwa kutoka katika ala hiyo ikapewa ala nyingine iliyoifanya peke yake. Na "chini" hapa ni chini kwa sauti; maana mpiga udi anapoipakata ala yake, uzi wa sauti nzito kuliko zote ndio unaokaa juu, karibu na kidevu chake.

Yafaa kuanza na majina, kwa kuwa majina ya ala hizi yamewapoteza wengi. Edward Steere, katika kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, na Ludwig Krapf, katika kamusi yake ya mwaka 1882, wote wawili wameliandika neno *kinanda*, na kwao lilikuwa kwanza jina la ala ya nyuzi. Lamu na Mombasa neno hilo lilitaja pia namna ya uimbaji: nyimbo za kinanda zilikuwa nyimbo za arusi na za mabaraza, zilizoimbwa na mtu mmoja huku akijipigia mwenyewe. Ala aliyopiga iliitwa *kibangala*, na mahali pengine *gambusi*. Baadaye neno kinanda lilipanuka likachukua ala za Kizungu, hata likaja kumaanisha kinanda cha kanisani na piano, na maana ya kale ikafifia. Msomaji wa leo anayekutana na kinanda katika ushairi wa zamani huweza kudhani kwamba mashujaa wa Ozi na Pate walikuwa na piano.

Neno *udi* nalo lina mtego wake. Katika Kiswahili ni jina la ala, na ni jina la ule ubani wa mti unaofukizwa nguo na nyumba. Yote mawili yametoka katika neno moja la Kiarabu lenye maana ya mti au ubao. Neno hilohilo, pamoja na kitambulishi chake *al*, liliingia Ulaya kwa njia ya Andalusia likawa *alaúde* kwa Wareno na *liuto* kwa Waitaliani. Kwa hiyo mtu wa Pangani na mtu wa Florence walikuwa na ala za ukoo mmoja na jina la ukoo mmoja, ingawa kila mmoja alilipata kwa njia yake. *Gambusi* ni mtoto wa *qanbus* ya Yemeni, na jina hilo limesafiri mbali zaidi ya lilivyosafiri udi katika Bahari ya Hindi: liko Komoro kama *gabusi*, Madagaska kama *kabosi*, na katika nchi za Wamalai kama *gambus*. Mwenye kufuata jina hilo katika ramani anafuata njia za Wahadhrami na mabaharia wenziwe.

Gambusi na udi si ala moja, ingawa makamusi yamezifanya kama ndugu pacha. Udi huundwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyokunjwa na kuunganishwa, tumbo lake ni kubwa, na uso wake ni wa ubao. Gambusi huchongwa kwa gogo moja, tumbo na shingo pamoja. Ni nyembamba kama nusu ya pea, na uso wake huwambwa ngozi kama ngoma. Ngozi hiyo huipa sauti kavu inayokatika upesi. Basi mpiga gambusi hawezi kuuacha uzi ulie kwa muda mrefu, lazima aurudie tena na tena. Na ndiyo sababu mapigo ya gambusi husikika kama maneno yanayosemwa kwa haraka.

Walakini katika jambo moja ala hizi mbili zinafanana, na jambo hilo ndilo kiini cha habari hii. Gambusi ya Yemeni kwa kawaida ina nyuzi saba: jozi tatu, na uzi mmoja wa pekee wenye sauti nzito. Udi wa siku hizi aghalabu una nyuzi kumi na moja: jozi tano, na tena uzi mmoja wa pekee wenye sauti nzito. Nyuzi za juu zimepangwa mbili mbili ili sauti ijae na iwe na mtetemo. Uzi wa chini umeachwa peke yake. Haukuachwa kwa upungufu wa vifaa. Nyuzi mbili nene zikipigwa pamoja hugongana na kuvuruga sauti, na zaidi ya hayo uzi huo hautakiwi kuimba. Unatakiwa kusimama.

Historia ya uzi huo katika udi wenyewe ni ya kustaajabisha. Katika karne ya tisa Al-Kindi alieleza udi wa nyuzi nne, nazo zilikuwa na majina: *zir* ndio mwembamba, *mathna* wa pili, *mathlath* wa tatu, na *bam* ndio mzito. Mwenye kujua lugha ataona mara moja kwamba majina ya kati ni ya Kiarabu, yaliyotokana na hesabu ya mbili na tatu, lakini majina ya pembeni, zir na bam, ni ya Kiajemi. Baadhi ya wataalamu wamechukua hilo kuwa dalili kwamba nyuzi za pembeni ziliongezwa, au angalau zilipangwa upya, chini ya mafunzo ya Waajemi. Na hoja hiyo ni njema, kwani jina la mkopo mara nyingi huja pamoja na kitu. Uzi wa tano, ambao wanazuoni wa zamani waliujadili, uliongezwa upande wa juu. Kupanuka kwa upande wa chini, kwa uzi wa pekee chini ya bam, ni jambo lililokuja baadaye sana. Na udi uliofika Afrika Mashariki katika zama za masultani ulikuwa wa namna hiyo mpya.

Yasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888, aliletewa wanamuziki kutoka Misri, kisha akampeleka Misri Mohamed bin Ibrahim kujifunza kanuni. Mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa, klabu iliyopata kuwa mama wa taarabu ya klabu za Unguja. Kuanzia hapo udi ulianza kuisukuma gambusi nje ya mabaraza, kidogo kidogo. Udi ulikuwa na sauti pana zaidi, ulikuwa na heshima ya Misri, na ulisikika katika sahani za santuri. Gambusi ilibaki kwa wazee na katika miji ya kaskazini, na nyimbo zake nyingi zikahamishiwa katika udi. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, ni mfano bora wa uhamisho huo: alipiga udi, lakini hazina yake kubwa ilikuwa nyimbo za kale za kinanda.

Uzi wa chini ulikuwa ukifanya kazi gani katika nyimbo hizo? Jibu liko katika hali ya mwimbaji. Alikuwa mmoja, amekaa, hana ngoma nyuma yake au ana ngoma ndogo tu. Nyuzi za juu zilimfuata katika lahani, zikamjibu aliponyamaza. Uzi wa chini uliachwa wazi, bila kukanyagwa kwa kidole, ukapigwa pale maana ilipotua: mwisho wa mshororo, au kati ya ukwapi na utao, au kabla ya kurudia. Waarabu huiita sauti hiyo ya chini *qarar*, yaani makazi au utulivu. Kwa shairi la Kiswahili kazi yake ilikuwa kubwa kuliko mapambo. Shairi la mizani kumi na sita likiimbwa kwa kuvuta irabu hupoteza mipaka yake. Msikilizaji huweza kusahau mahali kina kilipo. Uzi wa chini ulimrudishia mpaka huo. Ulikuwa kama alama ya kituo katika maandishi, isipokuwa huu ulisikika.

Siti binti Saad na wenzake, waliokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya His Master's Voice, walifanya kazi kwa kundi dogo la namna hiyo: udi, fidla, ngoma ndogo na sauti. Hapakuwa na ala maalumu ya sauti nzito. Chini ya sauti ya Siti palikuwa na ngoma na nyuzi nene za udi, basi. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na ambaye ndiye aliyeandika wasifu wa Siti, alimsifu kwa maneno na tabia zake kuliko kwa ala zake. Na hivyo ndivyo watu wa pwani walivyosikiliza. Neno kwanza. Ala ilikuwa mtumishi wa neno, na uzi wa chini ulikuwa mtumishi wa kimya baina ya maneno.

Haja hii si ya pwani yetu peke yake. Kule Italia, mwishoni mwa karne ya kumi na sita, watu walitaka shairi liimbwe na sauti moja, lisikike neno kwa neno, badala ya kufunikwa na sauti nyingi zilizosukwa pamoja. Mwimbaji alihitaji msingi chini yake, na ala yao ya ukoo wa udi haikuwa na sauti nzito ya kutosha. Nyuzi zao zilikuwa za utumbo wa kondoo, na uzi wa utumbo una masharti magumu: ukitaka utoe sauti nzito ama uufanye mnene, nao ukinenepa sana huwa mkavu na bubu, ama uufanye mrefu. Waitaliani wakachagua urefu. Juu ya shingo ya kawaida waliongeza shingo ya pili, ndefu kama mlingoti, wakatundika juu yake nyuzi za kupigwa wazi tu. Ala hizo ziliitwa tiorba na kitaroni. Tiorba ya kawaida ilikuwa na safu kumi na nne za nyuzi, sita za kukanyagwa na nane za kuachwa wazi, na nyingine zilifika karibu urefu wa mtu. Alessandro Piccinini aliandika mwaka 1623 kwamba yeye ndiye aliyeagiza ala ya kwanza ya shingo mbili, katika mji wa Padua, mwaka 1594. Kabla yake, mwaka 1604, Girolamo Kapsberger alikuwa ameshachapisha kitabu cha vipande vya kitaroni. Monteverdi alizitumia katika *Orfeo*, mwaka 1607, ili zisimame chini ya waimbaji.

Ala hizo ndefu zilidumu zaidi ya karne moja, kisha zikapotea. Sababu moja ilikuwa ndogo sana kwa umbo lake: katika nusu ya pili ya karne ya kumi na saba yalitokea mafundi waliozungushia waya mwembamba wa madini juu ya uzi wa utumbo. Uzi wa namna hiyo huwa mzito bila kuwa mnene, na hivyo hutoa sauti ya chini katika shingo fupi. Udi wa Kiarabu ulinufaika na ugunduzi huo bila kupitia katika shida ya shingo mbili. Ndiyo maana udi wa Unguja ulikuwa na uzi wake mzito katika shingo fupi inayopakatika.

Turudi pwani. Baada ya vita vya pili vya dunia kundi dogo halikutosha tena. Redio ya Cairo na filamu za Misri zilizijaza nyumba za mji sauti ya jeshi la fidla nyuma ya Umm Kulthum na Muhammad Abdel Wahab, na klabu za Unguja zikataka kuwa hivyo. Udi ukawa ala moja kati ya nyingi. Fidla ziliongezwa, ikaja chelo, ikaja na ile fidla kubwa ya kusimama iitwayo besi. Basi Unguja nao waliutoa uzi wa chini katika udi wakaupa ala nyingine. Jambo hili husahauliwa na wale wanaoilaumu Tanga: jibu la Unguja lilikuwa na sura ya Misri, kwa hiyo likaonekana ni kuendeleza mila, jibu la Tanga lilikuwa na waya wa umeme, kwa hiyo likaonekana ni kuivunja.

Tanga ilikuwa mji wa namna nyingine. Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka hapo mwaka 1893, na mwaka huohuo mkonge uliingizwa nchini. Mashamba ya mkonge yalileta watu kutoka Unyamwezi, Buha, Urundi na Msumbiji, wakakaa karibu na Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Waswahili wa Mtang'ata na Pangani. Tanga ilikuwa pia moja ya miji ya beni, ambako Marini na Arinoti walishindana kwa sare, matarumbeta na ngoma kubwa. Sikio la Ngamiani lilikuwa limezoea sauti nzito inayokwenda bila kukoma muda mrefu kabla ya kuja umeme. Kisha katika miaka ya 1960 mji ulikuwa na bendi za dansi zenye sifa nchi nzima, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na vijana waliosikia taarabu nyumbani waliweza kusikia gita la besi barabara ya pili. Haikuwa ajabu kwamba Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star iliyotoka ubavuni mwake, walivuka barabara hiyo.

Gita la besi ni nini kwa umbo? Liliingia sokoni Marekani mwaka 1951 kwa mkono wa Leo Fender, nalo lina nyuzi nne tu, zenye mpango wa nyuzi nne nzito za gita la kawaida, zikiwa zimeshushwa chini zaidi. Kwa maneno mengine, ni ala ya ukoo wa udi iliyonyang'anywa nyuzi zote za kuimba ikaachiwa zile za kusimama. Gambusi ilikuwa na uzi mzito mmoja kati ya saba, udi mmoja kati ya kumi na moja, tiorba nane kati ya kumi na nne. Katika gita la besi hakuna uzi usiokuwa mzito. Na pamoja nalo, katika kundi la watu wachache, gita la kawaida lilichukua kazi ya nyuzi za juu: kumfuata mwimbaji, na kumjibu anaponyamaza. Kazi mbili zilizokuwa mikononi mwa mpiga udi mmoja ziligawanywa kwa watu wawili. Huo ni mgawanyo wa kazi. Kuuita uvunjaji ni kutazama mbao na kusahau sauti.

Lakini mgawanyo huo haukuwa wa bure. Mtu aliyepewa uzi wa chini peke yake hawezi kukaa akingojea mwisho wa mshororo ili apige mara moja, atajaza. Katika nyimbo za Tanga za miaka ya 1960 na 1970 besi huanza kabla ya mwimbaji na huendelea baada yake, ikirudia kifungu kifupi kilichofungamana na mapigo ya chakacha au rumba. Alama ya kituo ikawa mstari wenyewe. Kwa shairi, matokeo yake ni makubwa. Mwimbaji wa udi alikuwa huru kuvuta irabu atakavyo, kwa kuwa uzi wa chini ulimngojea. Mwimbaji wa Tanga hangojewi. Nusu ya mshororo lazima imalizike mahali pake, na silabi ya pili kutoka mwisho, ambayo Kiswahili huipa mkazo, hupata nguvu zaidi inapokutana na pigo zito. Ndiyo sababu maneno ya nyimbo hizo hukamatika upesi masikioni na hushikwa na watu wasiojua ushairi. Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani aliyefariki mwaka 2016, alikuwa bingwa wa hali hii: husikika akichelewa kidogo nyuma ya besi kisha akaikuta kwenye kina, na msikilizaji hupata raha ya kuona kamba ikilegea na kukazwa.

Kilichopotea ni uhuru wa kutumbuiza. Ile taksimu ya udi, ambayo mpigaji alitembea katika sauti bila mapigo, akipima moyo wa wasikilizaji kabla ya neno la kwanza, ilipungukiwa na nafasi. Haiwezekani kutembea polepole juu ya ardhi inayokimbia. Wanaoililia hasara hiyo wanalia kwa haki, na si uungwana kuwaambia kwamba hawaelewi mambo mapya. Wamekosea tu mahali pa kuielekeza lawama: hasara haikuletwa na kuondoka kwa udi, imeletwa na kuupa uzi wa chini kazi nyingi kupita alizozaliwa nazo.

Kwa upande mwingine, jibu la Tanga lilisafiri. Kundi dogo lenye gita, besi na ngoma lilikuwa rahisi kuundwa kuliko jeshi la fidla. Sahani zilizouzwa Mombasa ziliwafikia wapigaji wa Kenya, na namna hiyo ya kupiga ilisikika hata bara, mpaka Burundi. Wanahistoria wa taarabu wanaopanga habari zao kwa mstari mmoja, kutoka Cairo hadi Unguja na kutoka Unguja hadi kwingineko, hawana mahali pa kuiweka safari hii.

Makamusi nayo yamechelewa. Yameandika *besi* kama jina la sauti nene au ala ya kigeni, na kuliacha mbali na gambusi na udi kana kwamba hazikuwahi kukutana katika wimbo mmoja. Kwa mwenye kutunga kamusi ya muziki wa pwani, yafaa maneno haya matatu yaangaliane. Na ipo haja ya kuongeza la nne. Tangu miaka ya 1990, katika taarabu ya kisasa ya Dar es Salaam na hata ya Tanga yenyewe, sauti nzito huweza kutolewa na mashine yenye vibao, chini ya mkono wa kushoto wa mpigaji mmoja anayeshika lahani kwa mkono wa kulia, kama mpiga gambusi alivyokuwa akifanya yote mawili peke yake. Mashine hiyo watu hawaiiti kwa jina la kigeni. Wanaiita kinanda.